Picha ya Jumatatu ya Pasaka

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nimezaliwa Sapiwi, maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya lambo, na mpaka leo ziwa silipendi wala sioni aibu kusema. Aliyetuingiza kwenye mambo ya ziwa ni kaka yangu. Miaka ile soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani yao ya ajabu ajabu, kaka akachukia, akauza ng'ombe, akanunua nyavu na mtumbwi. Akahamia na mkewe kwenye kisiwa kidogo ng'ambo ya Lamadi, kwa kuwa viwanda vya samaki vilikuwa vinalipa vizuri. "Pamba limeni nyinyi," alituaga. Jeuri yule!

Kisha akapotea. Jumapili ya Pasaka jioni alikwenda kutega nyavu, hakurudi. Mwili haukuonekana, mtumbwi haukuonekana. Watu hawakosi maneno, wakasema amekimbilia machimboni kwa mwanamke mwingine. Mama akagoma kunyoa nywele, akafukuza kila aliyekuja na pole. "Mwanangu hajafa. Msiniletee msiba kwangu." Wifi yangu naye alibaki kisiwani, si mjane, si mke wa mtu.

Mimi nilikuwa karani wa ramani Bariadi, kwenye mradi wa wafadhili. Serikalini watu walikuwa wanapunguzwa kazini kila kukicha, kwa hiyo niling'ang'ania kiti changu kama kupe. Mradi ulikuwa unaagiza picha za ziwa zilizopigwa na setilaiti. Magugu maji yalikuwa mageni, yanaelea na upepo, yanafunga mialo ambako wavuvi hufikisha mitumbwi, na watu wa visiwa vidogo ndio walioumia zaidi. Picha zingewaonyesha upande gani wa kisiwa haufungwi, wahamishie mwalo huko. Zilitufikia baada ya miezi, na rangi zake ni za kutisha: mmea wowote unatoka mwekundu, ziwa jeusi. Nilikuwa nazipanga mezani nilipoiona tarehe pembeni ya mojawapo. Jumatatu ya Pasaka.

Bosi akanituma niipeleke kisiwani, nadhani kwa sababu najua Kisukuma. Nilifika asubuhi nikijiandaa kwa kelele za mawimbi. Hakuna. Magugu yalikuwa yamelala kuanzia ufukweni hadi mbali, kijani kizuri cha kunenepesha ndama, na ndege weupe wanatembea juu yake. Chini yake maji yanapumua, majani yanapanda na kushuka taratibu, bila sauti hata kidogo. Niliogopa, na niliogopa zaidi kwa vile watu walikuwa wanapita na ndoo zao kama kawaida.

Kikao kilikwenda vizuri. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kunibishia kuhusu upande wa magharibi, nikamwambia abishane na setilaiti, mimi nimetumwa tu. Watu wakacheka, wakakubali mwalo uhamie huko. Nikaenda kwa wifi kula. Sahani ilikuwa haijapoa akaniomba ile picha, akaisoma tarehe.

"Ndiyo siku yenyewe hii?"

"Ndiyo."

"Mtafute."

"Haonekani, wifi. Nukta moja hapa inameza boma zima la baba, na ng'ombe ndani yake."

"Basi nionyeshe nyumba yangu."

Nikaweka kidole. Karibu na kidole, pembeni ya kisiwa, kulikuwa na bonge jekundu la magugu limesimama peke yake ndani ya weusi. Akaligusa.

"Hiki tulikiona," akasema. "Tuliamka Jumatatu tukakuta kisiwa pale, hakikuwepo jana yake. Jumanne kimeondoka."

Akageuzia uso mlangoni. Nilidhani analia, nikainamia sahani yangu.

"Jumatatu ile, jua linazama, niliitwa. Kwa jina langu la nyumbani, lile la Kisukuma. Hapa kisiwani, sauti inayotoka ziwani na mwenyewe humwoni haiitikiwi. Ukiitika, umekwenda nayo. Ndilo jambo la kwanza walilonifundisha nilipohamia. Jirani zangu walifunga milango, nami nikafunga. Iliita, wifi. Iliita mpaka ikakauka." Akanisogezea picha. "Wewe ndiye uliyesomea haya. Kutoka pale mpaka hapa, sauti ya mtu inafika?"

Nilichukua rula nikapima, ingawa macho yalikwisha kuniambia. Ni kama kutoka nyumbani kwetu Sapiwi mpaka kisimani, na ukiwa kisimani mama akiita unasikia, unaitika. Mdomo wangu hauna breki, kila anayenijua atakuambia. Siku ile niliufunga breki.

"Haifiki," nikasema. "Ni mbali sana. Hilo lilikuwa jini tu."

Akanitazama kwa huruma, mimi ndiye niliyehurumiwa.

"Maji yakitulia hivi," akasema, "inafika."

Akainuka, akafunga kanga vizuri kiunoni, akatoka. Nilimfuata mpaka uani. Jua lilikuwa utosini. Alishuka hadi kwenye matete, yakamficha, nikawa simwoni tena. Kisha nikamsikia.

"Abeee!"

Kimya. Hata mwangwi haukurudi, majani yaliumeza.

"Abee, mume wangu! Nipo! Nimekusikia!"

Nililia pale uani, nalia kwa ajili ya kaka yangu kwa mara ya kwanza tangu apotee. Yeye aliendelea kuitika, sauti inatoka ziwani na mwenyewe haonekani. Nyuma yangu mlango ukafungwa, mchana kweupe. Ukafungwa mwingine. Jirani wa tatu alitoka mbio, akamkamata mwanawe aliyekuwa anacheza mchangani, akamziba mdomo kwa kiganja, akaingia naye ndani.