Kisu Kilichobakia Mpini

Kisu kile kilikuwa kimebakia kutiwa mpini tu, na tangu mkewe azikwe, Fundi Cheche alikuwa akikipita pale mezani kama mtu apitavyo kiti. Hakikumuumiza. Waliokuja kumpa pole waliondoka wakimsifu kwamba amejikaza kiume. Yeye alijua kwamba hakujikaza hata chembe, ila hapakuwa na cha kukazia.

Maisha yao yote ya ndoa waligawana kazi: yeye alifua na kunoa, mkewe akavisha mpini. Ubapa wa kisu hiki aliufua kwa springi ya lori. Mkewe, kabla ya kulazwa, alichonga vipande viwili vya mti mgumu mweusi kwa kufuata kiganja cha binti yao, mpishi wa hospitali, aliyelalamika kwamba visu vya kule jikoni vinamponyoka. Akachonga na kola ya shaba ya njano, ya kukaa baina ya mti na ubapa, na ribiti za shaba nyekundu za kubania mpini. Hakujaliwa kuviunganisha. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho, na binti alikuwa akiidai.

Hatimaye Fundi alivigandisha kwa gundi na kupenyeza ribiti, asizigonge vichwa, kwa kuwa mkewe aligonga mwisho, baada ya shaba na mti kusawazishwa kwa mashine ya msasa. Hapo ndipo penye mtego. Shaba hupata moto upesi, na moto ukizidi, gundi huachia. Kwa sababu hiyo marehemu hakuvaa glavu: vidole vikilalamika, alichovya kisu majini.

Kesho yake Fundi naye akavua glavu, akawasha mashine, akashika kola, akangoja vidole vilalamike. Havikulalamika. Alinusa gundi ikiungua kabla hajahisi lolote, na alipoinua kisu, kola ilikuwa ikicheza. Ngozi ya vidole ilikuwa imevimba. Aliitazama kama ya mtu mwingine.

Fundi viatu, jirani aliyechangia naye ukuta na umbeya, akachungulia.

“Cheche, umeanza kupika?”

“Gundi hiyo.”

“Basi punguza moto, bwana. Wageni tutakula mkaa!”

Alipoona mwenzake hacheki, akarudi kwenye soli zake.

Binti aliingia akiwa bado na aproni ya kazini.

“Baba! Vidole gani hivyo?”

“Mpini umeachia.”

Binti akainamia kisu. “Vipande vya mama vimeungua?”

Fundi akachomoa ribiti kwa koleo, akabandua mti, akaukwaruza kwa ukucha. “Vizima. Lakini nikirudia nitaviunguza. Sihisi moto, mwanangu.”

“Tangu lini?”

“Tangu mama yako,” akajibu, kama mtu aliyeulizwa saa.

Binti akamfunga vidole kwa kitambaa safi. “Haya, kesho nashika mimi. Wewe utaniongoza.”

“Hujui kulaza kisu.”

“Na wewe hujui moto. Kipofu na kiwete, baba, safari njema.”

Wakakwangua gundi ya zamani, wakapaka mpya, wakarudisha ribiti, wakakibana kisu kwenye jiliwa mpaka kesho yake. Binti alipokuja, baba alisimama nyuma yake, amemshika vifundo vya mikono, akimwelekeza shaba kwenye msasa.

“Moto!”

Wakachovya.

“Moto tena! Taratibu, baba, mkono huu ndio unaonilisha!”

Wakaenda hivyo, msasa na maji, maji na msasa, hata kidole kikipita hakikujua mti unaishia wapi na shaba inaanzia wapi. Ndipo Fundi akagonga ribiti kwa nyundo ndogo, taratibu, kwa kuwa shaba nyekundu ikiharakishwa hupasua mti. Vichwa vikatanuka, vikabana.

Binti akakishika kisu. Kikamkaa kiganjani, kila kidole mahali pake. Akageukia ukuta na kulia. Fundi akamwekea mkono begani, kwa kuwa alijua kwamba ndipo mkono uwekwapo. Alichohisi ni kitambaa tu. Hata hivyo hakuuondoa.

“Kuna visu vingine havina mpini,” alisema mwishowe.

Binti akajifuta kwa aproni. “Kesho niko zamu mchana kutwa.”

“Jioni, basi.”

“Jioni nitakuja. Na wewe ule kitu kabla sijafika, baba, nisije nikakukuta na njaa hujui kama ni njaa.”

“Nitakula,” alisema, akazima mashine.