Fundi Seremala Aliyepima Karoti kwa Futi

Nimegongewa mlango na watu wengi, lakini sijawahi kugongewa na mtu aliyebeba karoti.

Asubuhi ile nilifungua nikamkuta mzee nisiyemjua. Penseli nyuma ya sikio, mfuko wa karoti mkononi. Alisema muuza mboga wa kona ndiye aliyemwelekeza kwangu, kisha akauliza kama mimi ndiye binti anayefundisha mapishi ya karoti mtandaoni.

Nikakubali kwa tahadhari. Ukurasa wangu una wafuasi wachache, na nusu yao ni binamu zangu.

"Uliandika kwamba mtu akikwama akuite," akasema. "Nimekwama."

Jamani, yale ni maneno ya kufungia tu. Kila mtu mtandaoni anayaandika. Nani huwa anakuja kweli?

Mbaya zaidi, siku hiyo nilikuwa na usaili. Tangu nimalize chuo na digrii yangu ya lishe, kazi nimezisikia kwenye redio tu. Sasa shirika moja kubwa lilikuwa limeniita adhuhuri nikatoe mada: Namna ya Kumshirikisha Mwanaume Jikoni.

Slaidi tayari. Shati limenyooshwa mpaka linasimama lenyewe.

Mzee akajieleza palepale mlangoni. Yeye ni fundi seremala. Mkewe alikuwa anaruhusiwa hospitali siku hiyo, na daktari kasema ale vyakula laini. Binti yao wa kwanza ameamua kumchukua mama akakae kwake, kwa sababu baba hata maji yanamshinda kuchemsha.

Lakini mama mwenyewe alitia neno. Akifika nyumbani akakuta mumewe amempikia kwa mkono wake, haendi popote.

"Nisimamie tu, mwalimu," mzee akaniomba. "Usiguse kitu. Mke wangu akikuuliza, umwambie kweli."

Mwalimu! Moyo wangu ukayeyuka kama siagi. Nikaahidi. Nikajipigia hesabu kwamba karoti ni kitu cha kufumba na kufumbua.

Sikujua fundi ni nani.

Jikoni kwake nilimweleza njia zangu rahisi. Unaweza kuzikuna mbichi, ukatia ndimu na chumvi. Unaweza kuzikaanga kidogo na kitunguu. Ila kwa mgonjwa ni kuchemsha kwa maji machache, mfuniko juu, moto mdogo, kisha unaponda kwa uma na siagi.

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha akatoa msasa.

Nikamwambia baba, karoti haipigwi msasa, inaparwa kwa kisu. Akaipara ya kwanza mpaka ikabaki unene wa penseli yake.

Halafu akavuta futi. Akapima kila karoti, akaweka alama, akakata. Kipande kilichozidi kidogo alikirudisha kukipunguza. Nikamkumbusha kwamba zitapondwa zote. Akanijibu kwamba kazi mbovu ni mbovu hata ikifunikwa rangi.

Mikono yangu iliwasha. Ningekishika kile kisu, ningemaliza kabla hajapata miwani yake. Nikaikalia mikono.

Simu ikalia. Kijana wa ofisini aliuliza niko wapi, wenzangu wa usaili wameshaanza kuingia. Nikamwambia niko jikoni, namshirikisha mwanaume, sasa hivi, kwa macho yangu.

"Dada, hatuhitaji vitendo," akasema. "Tunahitaji wasilisho."

Akakata. Na mzee ndiyo kwanza alikuwa anaulizia kiberiti kinawekwa wapi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Maji ya kwanza yalikauka, karoti zikashika chini. Akazimwaga bila kulalamika, akaanza upya. Na futi tena.

Adhuhuri ikapita. Shati langu likalegea.

Karoti za pili zilipoiva, uma ulizama bila kusukumwa. Akaziponda, akatia siagi na chumvi kidogo. Zilinukia. Mzee akasimama mbele ya sufuria kama bwana harusi.

Gari likafunga breki nje. Mama akaingia taratibu, ameshikwa mkono na binti yake. Binti alikuwa na suti, na kitambulisho shingoni.

Nikakisoma.

Ni shirika lilelile. Mkuu wa usaili.

Alikuwa ametoka mara moja kumchukua mama yake. Aliponitambua kwa picha ya maombi yangu ya kazi, akanivuta barazani. Akaniambia kwa upole kwamba baba yake ni mkaidi, mama anahitaji uangalizi, na yeye usiku halali.

"Hizi karoti umepika wewe," akasema. "Kamwambie mama hivyo, aje kwangu apone. Kesho njoo ofisini, nitaandika kwamba ulikuwa kwenye zoezi la vitendo."

Kazi ile hapo. Kwa sentensi moja.

Tuliporudi ndani, mama alikuwa ameshaonja. Alimwangalia mumewe, akaangalia ganda la karoti ukutani, sijui lilifikaje huko. Akanigeukia.

"Mwanangu, huyu bwana ndoa yetu nzima ananiuliza chumvi iko wapi. Nani kapika?"

Binti akanikazia macho. Mzee aliangalia sakafu. Hakunikumbusha kitu.

"Kapika yeye, mama," nikasema. "Mimi sikugusa hata chumvi."

Mama akavuta kiti, akaketi. Akasema nguo zake zitolewe garini zirudishwe kabatini.

Binti alishusha pumzi, akanipa mkono. Akasema ananiheshimu sana, ila nafasi ataipata kijana mmoja kati ya waliofika kwenye usaili. Slaidi zake zilikuwa na picha zinazocheza.

Basi ndugu zangu, mkitaka kumshirikisha mwanaume jikoni, mpeni karoti na kisu, kisha mkae pembeni mkiwa mmefunga mikono. Hapo kwenye kufunga mikono ndipo pana kazi. Mimi ilinikosesha ajira, na mama yule amelala kwake.