Winchi na Moyo Mkubwa

Ghalani walimwita Winchi, na hawakumpa jina hilo bure. Miaka ishirini na sita alibeba saruji, mfuko huku na mfuko huku. Kwa hiyo daktari alipomwonyesha picha ya kifua akasema, "Mzee, moyo wako umekuwa mkubwa," Winchi alitabasamu. Kwa wapakiaji, msuli mkubwa ndio msuli.

"Sasa mbona ngazi tatu tu nahema?"

"Ndiyo shida yenyewe. Moyo umetanuka kwa kuchoka. Hausukumi damu vizuri."

Daktari, mvumilivu kupita kiasi, akaeleza. Misuli iliyoshikana na mifupa unaiamrisha: inua, shusha, tembea. Misuli laini ya tumbo na mishipa hufanya kazi bila kukuuliza. Msuli wa moyo nao uko peke yake. Hausikii amri ya mtu, wala haupumziki mpaka siku ya kufa. "Meza dawa. Usibebe kitu kizito."

Usibebe! Si bora amwambie asile? Winchi alirudi nyumbani akinung'unika njia nzima. Maisha yake yote, bega lililolegea alilitibu kwa mzigo. Basi na moyo atautibu hivyohivyo. Kila asubuhi, mkewe akishaenda kazini, alijitwika mfuko wa mchanga akazunguka ua, akiongeza mchanga kidogokidogo. Dawa angalau alimeza. Siku ya tisa miguu ilivimba, viatu vikakataa kuingia.

Siku ya kumi na mbili mkewe alirudi mapema. Alimkuta chini, ameegemea ukuta, mfuko mapajani, pumzi zinamkatikakatika.

Alilazwa wiki mbili. Siku ya kurudi, mkewe hakumbembeleza.

"Unataka kuniacha mjane kwa ajili ya mchanga?"

"Nilikuwa naufanyisha moyo mazoezi."

"Baba watoto, huo moyo haujapata likizo tangu uzaliwe, na wewe unauongezea zamu!"

Mkewe akachukua ndoo, akaenda kuijaza bombani pale uani. Aliiinua vibaya, mgongo umepinda, magoti hayajakunjwa, maji yanamwagikia miguuni. Kosa la mpakiaji wa siku ya kwanza. Winchi akanyanyuka nusu.

"Kaa!"

Akakaa. Mikono yake mizima, minene, haina hata kovu, aliiweka magotini, akamtazama mkewe akirudi kujaza ndoo ya pili.