Kijani cha Bwera

Kazi yangu ni kuangalia tovuti za watu zisizimike. Naifanyia chumbani kwangu Nyamwamba, peke yangu, na simu yangu hulia tovuti yoyote inapoanguka. Mojawapo ni ya akina mama wa kahawa wa Bwera. Niliiweka kwenye kompyuta ndogo sebuleni kwa mama yangu, hukohuko Bwera, nikaiunga na betri ya sola, kwa hiyo hata umeme ukikatika haizimiki. Aliyeizima ni mama tu.

Aliichomoa apate kuchaji simu, aliichomoa asikilize redio. Simu yangu ikilia, nampigia kwa hasira.

“Mama, umechomoa tena?”

“Nimechomoa.”

Halafu ananiuliza kama nimekula, ananieleza nani amezaa na mvua imeharibu kahawa ya nani, na hasira yenyewe inaniisha. Nikampelekea ekstensheni yenye matundu mengi. Akaendelea kuchomoa. Siku nilipomuuliza kwa nini, alicheka.

“Mie nikinyamaza, haupigi. Kamashini kako kakinyamaza, unapiga simu mbio.”

Tumeshamzika. Nyumba tumeifunga, na kompyuta tumeiacha humo ndani ikifanya kazi, kwa sababu akina mama bado wanaihitaji. Watu wa kazi hii hufurahi skrini ikiwa kijani tupu, maana yake hakuna tovuti iliyozimika. Bwera haijawahi kuzimika tangu siku ya mazishi. Kila asubuhi naifungua kwanza kabla ya zote, natazama kile kijani, na ninachosubiri ni izimike.