Salmiaki Si Lakrisi

Outi Kallioinen hakuwahi kunipunguzia bei ya samaki hata siku moja. Nikimwambia mkia huu wa samoni umelala hapa tangu juzi, anaunusa mbele ya wateja wote, kisha ananijibu: "Helvi, wewe unauza makochi waliyofia watu. Leo umeota pua?" Nilimheshimu kwa hilo. Tulikaa mlango kwa mlango katika jengo ambalo kiwanda cha karatasi kilijenga wakati kilipokuwa na watu wa kulaza. Kiwanda kilishafungwa, na nusu ya madirisha hayana pazia. Mume wake, Ismo, alihamishia kazi yake ya kuchomelea vyuma Norwe. Alikuwa akija nyumbani mara moja kwa mwezi, analala, anaondoka.

Mimba ilimjia Outi akiwa na miaka arobaini na moja, wakati wenyewe walishaacha kuitafuta. Aliniambia kwenye ngazi, mfuko wa viazi mkononi, kama anayetoa taarifa kwamba lifti imekufa tena.

"Nina mimba. Usipige kelele."

"Mimi nimepiga kelele lini?"

"Ulipouza ile piano."

Serikali yetu inampa mama achague: boksi lililojaa nguo na mablanketi ya mtoto, au pesa taslimu. Outi alikuwa anaelekea kwenye pesa. Nikamwambia asiwe mjinga. Pesa zingeishia kwenye tangi la gari la Ismo, na ovaroli ya baridi iliyomo bokisini peke yake, ukienda kuinunua dukani, utajuta. Akachukua boksi. Kigari cha kumsukumia mtoto nilimtafutia mimi kwa mchuuzi mwenzangu wa mji wa pili. Gurudumu moja lilikuwa linavuta kushoto. Nilisimama pale mpaka akalinyoosha na kuongeza turubai la mvua, ndipo nikampa mkono wa kukubali bei.

Kwa upande wa afya, Outi hakuhitaji kusukumwa. Ni mtu anayesoma kijitabu cha mashine ya kufulia hadi ukurasa wa mwisho. Karatasi ya kliniki aliibandika kwenye friji na kuifuata kama sheria. Maini, hapana. Samaki mbichi wa chumvi anayemkata yeye mwenyewe siku nzima, hapana, hata kuonja. Kahawa vikombe viwili, katika nchi ambayo mtu mzima anaanza kuulizwa akifika cha sita. Kwenye sauna, chumba chetu cha mvuke, alikaa benchi la chini kabisa lisilo na joto kali, karibu na mlango, kama mgeni. Sigara aliziacha siku ileile aliyopima.

Mkono uliozoea sigara unataka kitu. Outi aliupa salmiaki, zile peremende zetu nyeusi kali. Kiboksi kimoja mfukoni mwa aproni, kingine kwenye gari, kingine kando ya mto wa kulalia. Sote tuliona, na nani angeshuku? Sisi kushuku salmiaki ni kama kushuku mkate.

Presha yake ilianza kupanda katikati ya mimba. Gari lake lilikuwa bovu, kwa hiyo nilimpeleka kliniki mimi, nikakaa ndani naye. Nesi anaitwa Vuokko, mwanamke makini, si wa kuharakisha watu.

"Chumvi unakula nyingi?"

"Hata viazi nachemsha bila chumvi."

"Lakrisi je?"

"Sili."

"Hata kidogo?"

"Siipendi tangu utotoni. Inanata kwenye meno."

Vuokko akaandika. Na Outi hakusema uongo. Kwetu lakrisi ni ile peremende laini, tamu, wanayonunuliwa watoto. Salmiaki ni kidonge kigumu cheusi chenye chumvi inayokata ulimi, kitu cha watu wazima. Hakuna mtu mjini kwetu anayetumwa dukani kuleta hiki akaleta kile.

Zikapita wiki, presha inapanda tu. Siku moja Vuokko alimpima mara mbili, akakunja uso, akatoka kuleta kipimo kingine. Outi, kwa kungoja, akafungua kiboksi chake na kutupia viwili mdomoni. Vuokko alirudi, akasimama mlangoni.

"Hiyo nini?"

"Salmiaki."

"Unakula kiasi gani?"

"Kiboksi."

"Kwa wiki?"

Outi alinitazama mimi kwanza. "Kwa siku. Siku mbaya, viwili."

"Outi, nilikuuliza habari ya lakrisi."

"Na mimi nikakujibu. Hii ni salmiaki."

"Mama wee, ni mzizi uleule wa lakrisi! Zote mbili zinatengenezwa kwa huo. Ndio unaopandisha presha."

Outi alitema kwenye karatasi, akaikunja vizuri. "Ungeuliza salmiaki, ningekwambia."

"Kweli," alisema Vuokko. "Ilinipasa kuuliza hivyo."

Basi. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Outi aliacha siku hiyohiyo, kama alivyoacha sigara, na safari hii mkono haukupewa kitu. Presha ikashuka kidogo. Tukaanza kupumua. Kisha ikapanda tena, mkojo ukaonyesha protini, miguu ikavimba, akapelekwa hospitali kubwa, mbali, akalazwa.

Mimi katika kazi yangu mali ikiharibika nataka kujua imeharibikia kwa nani. Nikamuuliza daktari waziwazi: ni peremende au si peremende? Akasema huenda ni hizo, huenda ni umri, huenda kondo la nyuma lilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Hata angejua, alisema, sasa hivi isingebadili kitu. Kilichobaki ni kumweka mtoto tumboni kadiri mama atakavyostahimili.

"Nipeni mpaka Pasaka," Outi alimwambia.

"Pasaka ni mbali."

"Basi sema wewe."

Daktari hakusema. Nilijua hapo kwamba hana cha kutoa. Mtu mwenye mali mkononi hutaja bei.

Hakufika hata nusu ya njia. Alianza kuona vimulimuli, mbavu zikamuuma, wakampasua asubuhi hiyohiyo. Ismo alikuwa barabarani anatoka Norwe, theluji imefunga njia ya mlimani. Nikaingia mimi badala yake.

Mtoto wa kike, ndani ya kisanduku cha joto, mirija kila mahali. Outi alisukumwa akiwa kitandani mpaka kwenye kioo. Alimtazama muda mrefu.

"Nimewahi kumfungia mteja samaki mzito kuliko huyu," alisema.

Mapafu hayakuwa tayari. Daktari wa watoto alituambia wanafanya yote, ila tujiandae. Kisha nesi akauliza polepole kama mama angependa mtoto abatizwe sasa, kwa dharura. Kwetu jina la mtoto halitamkwi kabla ya ubatizo. Hata bibi yake halijui.

"Jina lipo?"

"Lipo."

"Tumbatize?"

"Nikilitaja leo nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Unajua vizuri nini."

Nikaona niseme mimi. "Outi, usipolitaja na akaondoka, anaondoka bila jina. Ukilitaja na akabaki, jina haliharibiki. Hupotezi kitu."

Alinigeukia kwa hasira. "Hata hapa unafanya biashara?"

"Hata hapa."

Aligeuza uso ukutani. Nilidhani nimemkosa.

"Lempi," alisema.

Nesi alilowesha ncha ya kidole na kukipitisha kwenye dirisha la kisanduku. Yakasemwa yaliyosemwa.

Ismo alifika alasiri na buti za kazi. Nilimwambia jina palepale kwenye kioo. Akauliza kama ataishi, na sikumjibu, kwa sababu sina mazoea ya kuuza nisichonacho. Outi aliomba pampu ya maziwa.

"Si lazima leo," nesi alimwambia. "Pumzika."

"Ilete."

Ilivuta, ikavuta, haikutoka kitu. Akaanza upya. Yakatoka matone machache, nesi akayavuta kwa bomba jembamba la sindano, akalibandika karatasi na kuandika juu yake: Lempi Kallioinen. Ismo alilishika bomba lile kwenye mwanga, hajui aliweke wapi. Daktari akapita, akatazama mashine, akabadilisha kitu, akatoka bila kututazama usoni. Outi aliisogeza pampu upande wa pili.