Ziara Tatu za Saa Nne

Shangazi yangu ni afisa wa ustawi wa jamii. Kazi yake ni kuingia nyumba za watu siku ambazo hawakutarajia mgeni. Majina yao huyameza. Nimbane nisimbane, naambulia "babu mmoja" tu.

Babu wa safari hii alikuwa mlinzi, akilea wajukuu wawili yatima. Shangazi alibisha mlango wao mara tatu, zote saa nne asubuhi, akitoka kikao cha ofisini. Kimya. Akaandika kwenye faili: mlezi hapatikani. Kwa maneno hayo mawili, kikao cha Ijumaa kingewapeleka watoto kwenye vituo vya kulea yatima, kila mmoja chake.

Jumatano akaenda shuleni kwao. Mimi ningemuuliza yule mdogo kama anapigwa au analala njaa. Shangazi alitazama mabutu yake yaliyokwenda upogo, akauliza nani kamsuka.

"Babu, akitoka kazini. Halafu analala."

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi Shangazi alikuwa mlangoni. Babu akafungua, sare mwilini, kitana mkononi, akauliza kama amekuja kuwachukua watoto.

"Nimekuja kuomba radhi, baba. Nilikuwa nakuja saa nne."

"Saa nne mimi ni maiti, mwanangu. Hata mkiezua paa sisikii."

Wakacheka. Lakini Shangazi hakuishia kwenye kicheko; alitaka kujua usiku watoto wanalala na nani. Babu akainamia kitana chake. Wenyewe tu, akasema, mlango anaufunga kwa nje.

Basi hofu ilikuwa ya kweli, ila si ile iliyoandikwa. Siku hiyohiyo Shangazi akaenda kwa msimamizi wa walinzi kumwombea babu zamu ya mchana. Msimamizi akatania kwamba hata yeye anaitafuta. Shangazi akavuta kiti, akakaa, hadi orodha ya zamu ikafunguliwa. Zamu mpya ingeanza Jumatatu; mpaka hapo, jirani mmoja mshonaji alikubali kulala na watoto.

Ijumaa faili likapita mezani. Kumbe kosa humo halifutwi: unalipiga mstari mmoja, libaki linasomeka, kisha unatia sahihi pembeni. Bosi wake akalisoma kosa lile kwa sauti.

"Miaka kumi na minane kazini, hujui walinzi wanalala mchana?"

Nilimuuliza Shangazi kama ilimuuma. Sana, akasema. Watoto wakabaki kwa babu yao, kwa uangalizi wa miezi mitatu, na aliyekabidhiwa uangalizi huo ni yeye.