Kimeng'enya Kilichopikwa Moshi

Watu wakiniuliza ninafanya kazi gani pale Moshi mjini, huwa nawaambia napika. Hawaniamini, kwa sababu wanajua nilisoma mpaka ukoo ukachoka kunichangia, na jengo ninaloingia kila asubuhi linanuka spiriti, halinuki vitunguu. Lakini ni kweli napika, na kitu ninachojivunia kuliko vyote nilivyowahi kupika hakionekani hata kwa hadubini ya kawaida.

Kinaitwa gyrase. Ni kimeng'enya cha bakteria, na bila hicho bakteria hawezi kuzaliana. DNA yake ni pete moja ndefu ya nyuzi mbili zilizosokotana, na ili inakiliwe, lazima nyuzi hizo zitenganishwe. Aliyewahi kufumua kamba ya magome ya mgomba, ile tunayofungia mzigo wa majani ya ng'ombe, anajua kinachotokea: ukizivuta nyuzi huku, kule mbele kamba inazidi kujisokota mpaka inajikunja mafundo. Na pete haina ncha ya kuutoa huo msokoto. Hapo ndipo gyrase inapoingia kazini. Inajiviringishia DNA mwilini, inazikata nyuzi zote mbili, inapitisha kipande kingine cha DNA kwenye lile pengo, kisha inaunga palepale ilipokata. Muda wote huo ncha zilizokatwa imezishika, haiziachii. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikacheka peke yangu kwa raha.

Dawa za jamii ya sipro huua bakteria kwa kuikwamisha gyrase katikati ya kazi, ikiwa imeshakata na haijaunga. Bakteria wengine wamebadilika kidogo, dawa ikakosa pa kushika. Maabara yetu ilitaka kuijua gyrase ya bakteria wa hapahapa Kilimanjaro: je, sipro bado inaikwamisha? Kwa kawaida bakteria hao walifungashwa kwenye barafu wakapelekwa ng'ambo, wapimwe na watu wenye mitambo mizuri, sisi tukae tukisubiri majibu kama watoto wanaosubiri mzazi arudi sokoni. Nikasema hapana, safari hii kimeng'enya nitakitengeneza mimi, hapa Moshi. Mkuu wa maabara, baba mmoja mpole kutoka Kanda ya Ziwa, alinikubalia kwa sharti moja. Nisipofaulu kabla ya masika, bakteria watasafiri, na mimi nitarudi kufundisha tu.

Gyrase ina vipande vinne, viwili vya aina A na viwili vya aina B. A ndiyo inayokata na kuunga. B ndiyo inayokula ATP, yaani nishati ya kuendeshea kazi yote. A peke yake haifui dafu, na B peke yake ni hivyohivyo. Tena hazipikwi chungu kimoja: unawapa bakteria wapole wa maabara maelekezo ya kutengeneza A kwenye chupa moja, na B kwenye chupa nyingine, kisha unawapasua na kuchuja mpaka ubaki na unachokitaka.

Mtu wa kwetu Kibosho, kule mlimani, hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mama yangu ni mpishi wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na anaitwa kwenye sherehe za parokia nzima. Ndizi zake mbivu anazichemsha mpaka ziwe nyekundu na kuziacha zichachuke siku kadhaa. Ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, anaupika uji kwenye chungu cha pembeni. Ndizi bila ulezi si mbege, na ulezi bila ndizi ni uji. Nimekua nikikoroga vyungu hivyo, na nilipokuwa nikichuja A na B nilijiona niko nyumbani kabisa. Nilimweleza hivyo mwenzangu wa maabara, dada aliyezaliwa na kukulia Majengo, hapahapa mjini, akaniambia nitafute mfano mwingine, yeye hanywi pombe.

Kwetu kuna desturi moja. Mbege ikiiva, aliyeipika anachota kata ya kwanza na kuinywa mwenyewe, mbele ya wageni wote. Haonji kwa kujificha jikoni. Anasimama pale, anakunywa, watu wanamtazama koo waone kama kweli amemeza. Kwa hiyo siku ya kujaribu kimeng'enya changu niliwaita wote waje waone, kuanzia mkuu mpaka wanafunzi. Dada wa Majengo alinivuta pembeni akanishauri nijaribu kwanza peke yangu. Nilimjibu kwamba mpishi anayeonja kwa siri ana lake jambo.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulitazama. Unachukua pete ndogo za DNA zilizolegea, unazitilia kimeng'enya na ATP, unazipa joto la mwili, kisha unazipitisha kwenye jeli yenye umeme. Pete iliyolegea inajikokota. Pete ambayo gyrase imeisokota inakuwa imebana, inateleza haraka na kushuka chini. Ukiwasha taa ya zambarau unaona mistari inayong'aa, na mahali mstari uliposimama ndipo pana jibu.

Tuliwasha taa. Mistari yote ilikuwa juu. Hakuna pete hata moja iliyosokotwa.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mkuu alinishika bega akasema kwa upole kwamba itabidi tuanze kutafuta maboksi ya kufungashia. Nilimwomba wiki moja tu. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuaga mtu, nikapanda zangu Kibosho kwa mama.

Nilimkuta uani, mikono imejaa uji wa ulezi mpaka viwiko, anamimina chungu kwenye chungu. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Jirani mmoja aliyepita na kusikia harufu akasimama mlangoni na kata yake tayari. Mama alimwambia ageuze.

"Nimechanganya sasa hivi tu, shemeji," alisema. "Havijajuana bado. Njoo kesho."

Maneno hayo nimeyasikia tangu sijaota meno ya utu uzima, na kila jirani wa Kibosho ameshafukuzwa nayo. Lakini siku hiyo nilisimama nayo pale uani kama niliyemwagiwa maji. Mimi A na B nilikuwa nimezidondosha moja kwa moja kwenye jaribio, tone hapa na tone pale, kwenye maji mengi, na kuzitaka zianze kazi papo hapo. Sikuzipa nafasi ya kushikana kwanza. Mtoto wa mpishi wa mbege, nikachanganya na kunywesha wageni saa ileile! Nilianza kucheka mwenyewe, mama akaniuliza kama huko mjini nakula vizuri.

Jumatatu nilichanganya A na B zikiwa nzito, nikaziweka kwenye barafu, nikazikalia kama kuku. Watu niliwaita tena, wote walewale. Dada wa Majengo alitikisa kichwa, lakini alikuja, na akasimama karibu yangu kuliko mtu yeyote.

Taa ilipowaka, mstari ulikuwa chini. Ulikuwa chini kabisa, mnene, unang'aa. Na pembeni yake, kwenye njia niliyotia sipro, pete zilikuwa zimebaki juu: dawa bado ilikuwa inaikwamisha gyrase ya bakteria huyu wa kwetu. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke. Mkuu aliinamia jeli, kisha akasema maboksi yale tutawekea vitabu. Dada wa Majengo akaninong'oneza kwamba sasa mfano wangu wa pombe ameuelewa, ila asije akasikia nimewaambia watu.

Baada ya hapo ilifika komunyo ya kwanza ya mtoto wa kaka yangu. Nilipanda na picha ya ile jeli kwenye simu, nikamwonyesha mama jikoni na kumweleza yote, kuanzia msokoto mpaka barafu. Alisikiliza huku anafuta mikono kwenye khanga. Aliniuliza swali moja tu: kama nilionja mbele za watu. Nikamwambia ndiyo, mara zote mbili, hata ile iliyonikatalia. Akachukua kata yake, akatoka.

Uani wageni walikuwa wameshakaa. Mama alichota kata ya kwanza, akanywa, watu wakamtazama koo. Kata ya pili kwa desturi ni ya mzee wa ukoo, naye baba yetu mkubwa alikuwa ameshanyoosha mkono. Mama akampita.

"Utanisamehe, shemeji," alimwambia. "Naanza na mpishi mwenzangu."

Nikaipokea kwa mikono miwili, wote wananitazama koo, nikainywa mpaka ikaisha.